Nani Alimng'ata Amnon

Orna Tsadok alikuwa fundi wa magauni ya harusi katika mji wa Givatayim, mjane, na mbwa wake aliitwa Dubi. Kwa sura Dubi alikuwa wa kutisha: mweusi tii, kichwa kama chungu, kifua kipana. Kwa tabia, mfuko wa plastiki ukipeperuka tu alijificha nyuma ya miguu ya bibi yake.

Orna alijua watu huona kichwa kabla ya tabia, kwa hiyo alijiwekea masharti makali kuliko yale yaliyobandikwa langoni kwenye uwanja wa mtaa ambamo mbwa huachiwa wakimbie bila kamba. Akifika husimama kwanza nje ya uzio, atazame nani yumo. Akishaingia lango la kwanza hulifunga kabla hajagusa la pili. Kamba humvua Dubi humo humo katikati ya malango, kwa sababu mbwa mwenye kamba akizingirwa na wasio na kamba huona hana pa kukimbilia, na hapo ndipo meno hutoka. Simu hukaa mfukoni. Kinyesi hukizoa kikiwa bado kinafuka.

"Huyu ni mkubwa," alizoea kusema. "Mdogo akikosea, watu hucheka. Huyu akikosea, huitiwa serikali."

Bwana Amnon Reshef hakuwa na wasiwasi wa namna hiyo. Alikuwa mstaafu wa bima na mwenyekiti wa kamati ya jengo lililotazamana na uwanja, na alizoea mambo yapite kama anavyotaka. Mbwa wake, Mitzi, alikuwa mweupe, mdogo kama mto wa kochi, mwenye hasira za pilipili kichaa. Mbwa wadogo walikuwa na sehemu yao iliyozungushiwa uzio, lakini benchi lenye kivuli lilikuwa kwa wakubwa. Basi Mitzi naye alikaa kwa wakubwa.

Ijumaa moja mchana, watu wakiwahi kutoa mbwa wao kabla Shabati, yaani Sabato, haijaingia jioni, Amnon alitokea simu ikiwa sikioni na mfuko wa burekasi, sambusa za jibini, mkononi, bado za moto. Malango yote mawili aliyaacha wazi nyuma yake. Orna akaenda kuyafunga. Aliporudi, alikuta mbwa watatu wamesimama mbele ya benchi wakitoa mate, Dubi akiwa mmoja wao.

"Bwana Amnon, tafadhali, chakula humu hapana. Watakigombania."

"Nakula mimi, mama. Sijamlisha mbwa wako."

"Wao hawajui hilo."

"Basi mfundishe," akasema Amnon, akarudi kwenye simu yake.

Orna alichomoa kamba ili amchukue Dubi waondoke. Alikuwa amebakiza hatua chache kumfikia wakati kipande cha burekasi kilipodondoka. Dubi aliinamisha kichwa kunusa. Mitzi akaruka kutoka kwenye benchi akaning'inia kwenye sikio lake.

Dubi alilia kama mtoto. Kisha akamwangusha Mitzi chini na kumkandamiza kwa kifua, akinguruma, mdomo wazi, bila kuuma kitu.

"Usitie mkono!" Orna alipaza sauti, akimshika Dubi miguu ya nyuma ili amvute. "Bwana Amnon, mkono nje!"

Amnon akautia. Mitzi, akiwa na hofu ya kufa, aliuma kitu cha kwanza kilichomfikia mdomoni, na kitu hicho kilikuwa kidole cha bwana wake.

Yote yaliisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Karibu na uzio alikuwa ameketi Nehama, mwalimu wa chekechea aliyekuwa mpangaji katika jengo la Amnon, na mbwa wake wa kahawia akiwa miguuni. Yeye aliona kila kitu. Alisimama, akaketi tena.

Jioni, kabla hata Orna hajamaliza kumwosha Dubi damu sikioni, kundi la WhatsApp la mtaa lilikuwa linawaka. Amnon alikuwa ameweka picha ya kidole kilichofungwa bendeji. "Dude la Orna fundi limetaka kuniua mimi na Mitzi." Chini yake majirani walipanga mstari kumpa pole. Mmoja, ambaye binti yake aliolewa na gauni la Orna, aliandika kwamba mbwa wa namna ile hafai kuishi na watu.

Jumapili, siku ya kwanza ya kazi huko, watu wa daktari wa mifugo wa manispaa walibisha mlango. Mbwa aliyemng'ata mtu lazima akae siku kumi karantini, wachunguze kichaa cha mbwa. Orna aliwaeleza mara mbili kwamba Dubi hakumng'ata mtu. Yule mkubwa wao, mtu mpole, alitikisa kichwa.

"Mama, tunaye bwana anayedai ameng'atwa na huyu. Wewe una shahidi?"

Dubi alipanda gari lao akitikisa mkia. Hilo ndilo lililomkata Orna maini.

Alikwenda moja kwa moja kwa Nehama. Yule mwalimu alimfungulia mlango nusu.

"Uliona, mwanangu."

"Niliona, mama Orna."

"Basi twende ukaseme."

Nehama alitazama ngazi, akashusha sauti. "Mwaka jana kuna waliotaka kunikataza kufuga humu. Yeye ndiye alinitetea kwenye kamati. Akinigeuka, mimi na mbwa wangu tutakwenda wapi? Siku kumi zitapita tu. Dubi atarudi."

"Atarudi na jina gani?" Orna aliuliza. "Kila atakapopita, mtu atamvuta mtoto wake. Mimi namfunga kamba, nafunga malango ya wenzangu, nazoa hata mavi yasiyo ya mbwa wangu, halafu yule aliyeleta burekasi ndiye apewe pole. Na wewe uliyeona unaniambia zitapita."

Nehama akausukuma mlango taratibu ukafungwa. Orna aliteremka ngazi, na usiku huo alishona upindo wa gauni mara tatu na mara tatu akaufumua.

Kilichombadilisha Nehama ni mdomo wa Amnon mwenyewe. Siku iliyofuata alimkuta kwenye lile benchi, Mitzi miguuni, akiwasimulia wageni wawili. Hadithi ilikuwa imenenepa. Sasa Dubi alikuwa amemvamia pia mtoto, na ni Amnon aliyemwokoa.

"Mtoto gani, Bwana Amnon?" Nehama aliuliza.

"Nini?"

"Nauliza ni mtoto gani. Mimi nilikuwa hapa. Hapakuwa na mtoto. Palikuwa na burekasi."

Wageni walitazamana. Amnon alimwambia achunge ulimi, akumbuke anaishi wapi. Nehama akamwambia amekumbuka, na kwamba anakwenda sasa hivi kwa daktari wa manispaa. Akiwa njiani aliandika kwenye kundi la mtaa, kwa jina lake, kila alichokiona. Kundi lililokuwa na maneno mengi likakauka kimya.

Kwa daktari alieleza, Amnon akaitwa, na bendeji ilipofunguliwa, alama za meno zilikuwa ndogo kama punje za mchele. Amri ikabadilika: anayetakiwa karantini ni Mitzi.

Orna alipokwenda kumchukua Dubi, alimkuta Amnon kwenye kaunta ya karantini, amemkumbatia Mitzi ndani ya blanketi. Hakuomba radhi.

"Umefurahi sasa?" alisema. "Kiumbe mdogo hivi."

Orna alikuwa ameandaa maneno kwa siku kadhaa, mengine makali kiasi cha kukata uzi. Lakini Mitzi alikuwa anatetemeka.

"Yeye hana kosa," alisema. "Alilinda chakula, akaogopa, akauma. Ndivyo mbwa walivyo. Aliyetakiwa kuwa na akili pale ni wewe." Kisha akamgeukia mhudumu. "Huyu mwekeeni kizimba cha mwisho, mbali na wakubwa. Kelele zitamtia wazimu."

Amnon alivuta blanketi, akamfunika Mitzi masikio.

Dubi alitoka amenywea, akalamba viatu vya watu wote waliokuwapo. Jirani aliyesema hafai kuishi na watu alifuta ujumbe wake bila kusema samahani, na Orna hakumshonea tena hata kifungo. Wengine walimsalimia kana kwamba hakukuwa na lolote. Alijibu salamu, kwa kuwa ni salamu, lakini hasira haikuisha, na hakuona sababu ya kuiharakisha iishe. Asubuhi walipokwenda uwanjani Nehama alikuwa tayari ameshika lango la kwanza, akawasubiri waingie, akalifunga.