Karatasi ya Lodi Manki

Miaka ishirini Lodi Manki aliitunza karatasi yake ndani ya mwanzi, juu ya meko, mende wasiiguse. Aliandikiwa na nahodha mmoja Mwingereza aliyekuja kijijini Mus kununua nazi. Tangu hapo kila merikebu ikitia nanga, yeye wa kwanza kupanda, karatasi mkononi. Wazungu wakisoma, wakicheka, wakimpa tumbaku. Naye, maskini, akidhani wanafurahi kumwona mtu mashuhuri.

Jina lake la kuzaliwa alilitupa siku wajina wake alipofariki. Huko kwao, visiwani Nikobari, jina la marehemu halitajwi, na aliye nalo sharti ajitafutie jingine. Yeye hakuhangaika. Si analo la merikebuni?

Asubuhi hiyo merikebu nyingine ilisimama nje ya mwamba. Mpwa wake Rut, mama wa watoto wawili aliyesoma misheni, akaomba kuiona hiyo karatasi inayosifiwa. Akasoma, akaikunja upesi.

"Vipi, umeumwa na nge?"

"Mjomba, leo usiende nayo."

"Soma."

"Mjomba, tafadhali..."

"Nimesema soma! Mimi si mtoto."

Rut akaikunjua, akamsomea. "'Huyu nimemwita Lodi Manki, yaani Bwana Tumbili. Watu wa hapa wana mikia, kama walivyoandika waliotutangulia. Mpeni tumbaku awachezee, ila chungeni mifuko.'"

Mjomba akajishika nyuma, penye ncha ya kitambaa chake cha kiunoni iliyoning'inia kama ya babu zake wote.

"Mkia ni huu?"

"Ndio huo."

"Wameona nguo, wakaandika mnyama! Na mimi nikawapelekea mwenyewe, kwa miguu yangu!" Aibu ilimchoma mpaka masikioni. "Beba karatasi. Twende."

Merikebuni nahodha alinyoosha mkono apewe karatasi, kama wenzake waliotangulia. Rut alitafsiri: mjomba anataka isomwe kwa sauti. Nahodha akaanza, akafika kwenye mkia, akawa mwekundu.

"Nitamwandikia nyingine," alisema. "Nzuri. Nitaandika yeye ni mfalme."

"Mwambie kalamu yake aiweke," mjomba akasema. "Nazi zote ziko mitumbwini. Haipandi hata moja mpaka aniulize mimi naitwa nani."

Chini, wapiga makasia waliposikia hivyo walilaza makasia magotini. Nahodha alizitazama zile nazi, kisha akamuuliza jina lake.

"Una jina, mjomba?" Rut akamnong'oneza kwa hofu.

"Sasa hivi ninalo. Tafoing."

Nahodha akalivuruga.

"Arudie."

Akalivuruga tena. Mara ya nne akalipata. Mitumbwini, watu waliomwita Manki miaka ishirini walikuwa wakilirudia naye, wakijifunza.