Majani Niliyoyaleta Dimbwini

Kwetu Likawage, wakati wa kiangazi tulikuwa tukilifunika dimbwi la kuchotea maji kwa matawi mabichi ili vumbi lisiingie na jua lisilikaushe. Baada ya siku chache matawi yananyauka, unakata mengine. Kwa hiyo mwaka wa tisini na tatu, nilipokwenda mjini, Rasbura, kumwogesha mjukuu wangu mchanga, nikakuta uani kwa binti yangu Zakia karai la majani yanayoelea, yenye maua ya zambarau, nilifurahi mno. Haya yangelifunika dimbwi yenyewe.

"Siku hizi yanauzwa sokoni, mama," Zakia alisema. "Tangu biashara ifunguliwe, kila kitu kinaletwa. Chukua."

Akaniwekea kwenye ndoo pamoja na maji yake, akafunga khanga juu yasimwagike. Dereva wa lori alinipa kiti cha mbele kwa ajili ya ndoo ile. Safari nzima watu walinitendea wema.

Majani niliyoyatia dimbwini yaliota. Mwaka uliofuata yalifunika dimbwi zima, wanawake wakanishukuru. Jioni wanyama walikuja kunywa, wakayala pia, maana kiangazi hakuna kingine kibichi.

Mume wangu, Likwata, alikuwa askari wa wanyamapori wa kijiji. Aliwapenda kuro, wale swala wakubwa wakaao karibu na maji, kuliko wanyama wote, hasa jike mmoja aliyemwita Mama Chokaa kwa sababu ya lile duara jeupe la nyuma.

"Alikalia ukuta wenye chokaa mbichi," alikuwa akisema, na kila mara alicheka kama ndiyo kwanza anasema. Jike yule alimzoea. Alikunywa maji Likwata akiwa amekaa hatua kumi tu.

Mwaka wa tatu kuro wakaanza kukonda. Walivimba chini ya taya, manyoya yakasimama, wakafa.

"Likwata, wanyama wako wamefunga Ramadhani?" jirani yetu Huseni alimtania. Waliokufa walipofika tisa hakutania tena.

Daktari wa mifugo, Cecilia, akaja kutoka Kilwa. Alipasua ini la mmoja mbele ya kijiji. Ndani mlikuwa na minyoo bapa kama mbegu za maboga. Kisha akageuza jani moja la dimbwini. Chini yake walikuwepo konokono wadogo kama punje za mtama.

"Minyoo hii hukulia ndani ya konokono," alisema taratibu, "halafu hujibandika kwenye majani. Mnyama akila, imemwingia. Ninyi chemsheni maji. Konokono hawa si wa hapa, wamekuja na majani. Nani aliyaleta?"

Nikafungua mdomo. Likwata akanitangulia.

"Mimi."

Akaachishwa kazi. Nyumbani nililia, nikamwuliza kwa nini.

"Wewe unakaa na wanawake wa dimbwini, Mama Zakia. Mimi nakaa na kuro. Wao hawatanisema."

Tuliyang'oa majani kwa mikono, lakini konokono walibaki kwenye tope. Ikabidi Likwata akae pale kila jioni akipiga debe, wanyama waende maji ya mbali. Wote walikimbia, isipokuwa Mama Chokaa. Alikuwa mbavu tupu. Likwata alipiga debe, akapiga kelele, akatupa hata kiatu. Jike alimtazama tu, kama anayengoja mtu amalize mchezo. Kisha akapita kando yake, akanywa.

Akalala palepale, hakuinuka tena. Likwata aliweka debe chini, akamfukuzia nzi kwa kofia mpaka alipokata roho.

Kesho yake nilichukua debe lile ili nikae zamu badala ya Likwata, nikaenda kuwaambia wanawake kwamba ni mimi niliyeleta majani.

"Tunajua, dada," mmoja wao, Mwahija, alisema. "Tulikuona ukishuka na ndoo. Tulinyamaza kwa kuwa mumeo alitaka iwe hivyo."

Jioni akaja, akakaa nami mahali pa Likwata. Tulishika debe kwa zamu. Hatukulipiga. Hakuna mnyama aliyekuja kunywa.