Sabuni ya Nywele za Limi

Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1953. Manyunyu yalianza kabla ya mapambazuko, yakakatika, yakaacha joto la unyevu lililoubana moshi chini, katika kambi ya wachimba dhahabu wa Geita. Moshi haukupanda. Ulitambaa miguuni mwa watu, na ndani yake mlikuwa na uvundo.

Uvundo huo ulitoka kwenye sufuria ya Euphrasia.

"Mama Donatus!" jirani yake Bhoke aliita kutoka upande wa pili wa uzio wa mabua. "Unapika sabuni au unachemsha marehemu?"

"Acha maneno yako. Ni mafuta yamechacha kidogo."

"Kidogo? Kuku wangu wamehama uani!"

Euphrasia angecheka, lakini alikuwa amebana pumzi. Tangu mumewe afukiwe na kifusi shimoni, aliishi kwa kutengeneza sabuni ya maji ya kuoshea nywele. Alichuja maji ya majivu ya miti ya pamba, akayachemsha pamoja na mafuta ya nyonyo kutoka Runzewe na mafuta ya ng'ombe aliyoletewa na shemeji yake Maganga, akikoroga kwa muda wa rozari nzima, kisha akaizimua kwa maji ya mvua. Mwishoni alitia gliserini na marashi ya waridi kutoka duka la Mhindi. Na kabla ya kuimimina kwenye chupa, aliigusa kwa ncha ya ulimi. Ikiuma, majivu bado ni makali. Ikinyamaza, imeiva.

Jana jioni ilinyamaza. Lakini iliacha ulimini ladha ya kidonda kilichofungwa muda mrefu bila kufunguliwa. Alitema, akasukutua, akatema tena, halafu akaongeza marashi. Ilipopoa, harufu ikajificha. Alfajiri alipeleka chupa ya kwanza kwa Paskalina, ambaye alikuwa anamwoza binti wa kaka yake, Limi, kwa kijana wa Kagongwa. Alasiri hiyo wanawake wangekusanyika kumwosha bibi harusi kichwa.

Sasa alikuwa ameipasha moto iliyobaki ili aizimue, na moto ulikuwa umeufukua uvundo wote. Aliimimina juu ya kitambaa cha marekani. Povu likapita. Kitambaani zikabaki takataka za kijivu, zenye kuteleza kama makamasi, na katikati yake manyoya. Aliyavuta kwa vidole viwili. Yalikuwa marefu, magumu, ya rangi ya vumbi, na ncha zake nyeusi.

"Bhoke, hebu njoo. Ng'ombe gani ana manyoya haya?"

Bhoke aliinama, akatazama, mzaha ukamtoka usoni.

"Mama Donatus, huyu si ng'ombe. Mume wangu Onesmo si ndiye askari wa kambi? Anatega nyama yenye sumu kule jalalani. Fisi wanakufa ovyo. Na shemeji yako Maganga ndiye anayekwenda kuomba mizoga. Alisema anataka ngozi."

Katika nyumba aliyokulia Euphrasia, fisi hakutajwa watu wakiwa wanakula. Walisema wachawi humpanda usiku. Alimfikiria fisi, tumbo lake lililojaa vya jalalani, halafu akaufikiria ulimi wake mwenyewe. Alitapika nyuma ya choo mpaka yakatoka maji ya njano, na hata hapo koo liliendelea kusukuma.

Alimkuta Maganga amekaa mlangoni kwake, anatafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Mafuta uliyoniletea ni ya mnyama gani?"

"Ng'ombe," alisema Maganga bila kuinua macho.

Euphrasia aliweka kitambaa mbele yake. Maganga alikitazama, akasogeza sahani yake mbali, halafu akacheka.

"Shemeji, mafuta ni mafuta. Ukishayapika na majivu yako makali, fisi anabaki wapi? Mbona ile ya sikukuu ya Watakatifu Wote hamkuilalamikia? Ilikuwa ya hao hao. Kanisa zima lilinukia waridi!"

Euphrasia alishika nguzo ya mlango. Sabuni ile wanawake wa jumuiya yake karibu wote waliitumia. Alikuwa amepiga magoti kanisani nyuma ya vichwa vile, akaimba.

"Nakwenda kumwambia Paskalina," alisema.

"Nenda. Ila ukilitaja jina langu, ukirudi utakuta mkeka wako nje. Ile nyumba ni ya kaka yangu, usisahau."

Alikwenda mbio, kanga ikimfunguka, midomo ikisema Salamu Maria bila sauti.

Uani kwa Paskalina vigelegele vilikuwa vimeanza. Limi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mabega wazi, nywele zimefumuliwa na kuloweshwa, maji yakimtiririka shingoni. Paskalina alisimama nyuma yake, chupa mkononi, kizibo kimeshatoka.

"Mwadila, Mama Donatus!" alimsalimu. "Njoo umwoshe wewe mwenyewe, mkono wako una baraka."

"Usimimine, dada! Hiyo sabuni mafuta yake ni ya fisi. Fisi waliokufa kwa sumu."

Vigelegele vilikatika. Paskalina aliitupa chupa, akafuta kiganja chake kwenye udongo, akakifuta tena na tena kama mtu aliyeshika kinyesi. Limi aliruka kutoka kwenye kigoda.

"Mungu wangu," alisema mwanamke mmoja. "Na wewe si huwa unaionja?"

"Nimeionja."

"Basi usinisalimie kwa karibu!"

Kicheko kidogo kilipita, cha watu waliokoswakoswa. Paskalina alivuta pumzi.

"Ametuepusha. Mwingine angenyamaza tu. Bahati yetu sisi tuliowahi ile ya Watakatifu Wote." Alivua kitambaa cha kichwani, akazipapasa nywele zake, nyeusi, zinazong'aa. "Ile ilikuwa sabuni, jamani."

Euphrasia aliutazama ule mng'ao. Mlango wa ua ulikuwa nyuma yake, wazi. Hakuna aliyekuwa anamuuliza neno. Angeweza kuaga, akarudi nyumbani, akalala juu ya mkeka wake, na Jumapili akapiga magoti nyuma ya vichwa vile vile.

Alifanya ishara ya msalaba.

"Na ile pia," alisema. "Maganga shemeji yangu amekiri kwa kinywa chake. Ile ya Watakatifu Wote nayo ilikuwa ya fisi."

Paskalina aliondoa mkono kichwani kama aliyeungua. Mwanamke mmoja alikimbilia nyuma ya ghala, wakamsikia akitapika. Mwingine alianza kujikwangua kichwa kwa kucha zote.

"Nimemlaza mwanangu kwenye nywele hizi!"

"Mchawi wewe! Na rozari shingoni!"

Bonge la tope lilimpata Euphrasia kifuani. Hakulifuta.

"Ulijua?" Paskalina aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Sikujua, dada. Lakini pua yangu iliniambia, nikaifunika kwa marashi. Mkono uliokoroga ni huu."

"Basi sema utafanya nini. Sema kwa nguvu, wote wasikie."

Manyunyu yalikuwa yameanza tena. Hakuna aliyekwenda kujikinga. Limi alisimama katikati yao, nywele zimemwangukia usoni, anasubiri kama wengine.

"Sikilizeni nyote," Euphrasia alisema, "na Mungu anisikie. Limi, leo utaoshwa kwa maji matupu, unisamehe. Mimi tangu sasa sina nyumba, lakini sufuria ninayo, nami nitaisugua kwa mchanga mpaka ing'ae. Nitapika sabuni ya nyonyo tupu, hapa hapa uani, mbele ya macho yenu. Kisha nitawaosha vichwa mmoja mmoja kwa mikono hii, na nitaanza na yule anayenichukia kuliko wote."