Volti za Chumbani kwa Mama Mkwe

Mashine ya oksijeni ilinyamaza jua likiwa utosini, na ndipo nikasikia mabati yakilia kwa joto. Nilikuwa sebuleni, mbele ya pazia la chumba cha mama mkwe wangu. Nyuma ya pazia inveta ilipiga kelele kama kifaranga aliyekanyagwa, na nyuma ya kelele ile kulikuwa na pumzi za Mama Rozalia, fupi, zinazokwaruza.

“Baba Bariki.”

“Naam, Mama.”

“Imezima tena.”

“Nimesikia.”

“Usiingie.”

Kwetu mkwe haingii chumba anacholala mama wa mkewe. Asikudanganye mtu kwamba hayo yalikwisha zamani. Nilikuwa nimeoa pale Rusimbi tangu nina nywele nyeusi tupu, na sikuwahi kujua kitanda chake kimeelekea wapi. Tukikutana njiani yeye alipisha upande wake, nami wangu, kila mtu akasalimia majani.

Na vitu vya umeme wa jua vilikuwa humo humo. Shemeji yangu Dismasi alivifunga alipokuja likizo kutoka Mwanza: paneli juu ya bati, betri ya lithiamu na inveta ya kugeuza umeme wake chini ya dirisha la mama, kwa kuogopa wezi. Mapafu ya mama yalikuwa yameliwa na moshi wa kupika mawese maisha yake yote, na umeme wa huku tunaujua wenyewe. Dismasi aliweka chaji ifike volti hamsini na nane nukta nne, kama ilivyoandikwa ubavuni mwa betri. Hakukosea. Ila siku ile betri ilikuwa bado mpya.

Mimi natengeneza taa za wavuvi pale Katonga. Shule niliiacha darasa la tano. Betri za aina ile nimezifungua nyingi, na ninachojua ni kwamba seli zake hazizeeki pamoja. Moja iliyochoka hujaa kabla ya wenzake. Ukizidi kusukuma, betri inajifungia mlango isiungue, umeme wa paneli unakosa pa kwenda, inveta inashtuka na kuzima kila kitu. Ndiyo maana ilituzimia mchana wa jua kali, saa ambayo sote tulijiona salama. Dawa ni kushusha volti.

Asubuhi nilikuwa nimemwambia Mama hivyo kupitia pazia, akanijia juu.

“Mwanangu kaijaza, wewe unataka ipungue? Usiku nitapumua nini, maneno yako?”

Mama mkwe habishiwi. Nikamsubiri mke wangu Honorata atoke sokoni, aingie abonyeze yeye.

Honorata alikuwa hajarudi. Swichi ilikuwa karibu na kitanda. Mara mbili mama aliiwasha kwa mkono wake, na mara mbili ikazima. Safari hii nilisikia mkono ukipapasa ukuta, kisha ukaanguka.

Nikashika pazia. Nikaliachia.

“Mama, dumu la mawese litakaloshinda juani, unalijaza mpaka kwenye kifuniko?”

Nikasogeza sikio kwenye pazia.

“Mjinga gani,” akasema, akatafuta pumzi, “anajaza hivyo? Litapasuka.”

“Basi ndiyo hilo.”

Kitanda kikalia. Alijaribu kuinuka, kikalia tena kwa uzito ulioshindwa.

“Ngoja,” akasema. Khanga ikachakarika. Sauti iliporudi ilikuwa inatokea ndani ya nguo. “Nimejifunika. Nimegeukia ukuta. Humu hamna mama mkwe wa mtu. Ingia.”

Niliingia macho yamebanwa kwenye skrini ya inveta, kana kwamba chumba kizima ni ile skrini. Nikashusha: hamsini na nane, hamsini na saba, hamsini na sita. Hapo nikasita. Nikiacha juu, kesho itazima tena. Nikishusha mno, alfajiri itamkuta na betri tupu. Taa ya mvuvi nikiikosea, mvuvi anarudi kunitukana. Huyu hangerudi. Kwenye kioo cha skrini niliiona khanga ikipanda na kushuka, ikapanda, ikashuka, halafu ikachelewa kupanda.

Nikaacha hamsini na sita. Nikazima inveta, nikaiwasha. Mashine ikakohoa, kisha ikaanza kuvuma. Nikatoka bila kugeuka nyuma.

Honorata alirudi na samaki wake, migebuka, akaingia kwa mama, nikamsikia akishangaa.

“Nani kashusha hizi namba?”

“Alipita fundi.”

“Fundi gani tena?”

“Nitamjuaje? Uso wake sikuuona.”

Mimi nilikuwa uani nachambua maharage ambayo hakuna aliyeniomba niyachambue. Usiku mzima nilisikiliza ule mvumo, na kulipokucha ulikuwa bado unavuma.

Mama aliishi masika mawili zaidi. Tulipokutana uani alipisha, nikapisha. Neno lolote juu ya mchana ule hatukulisema.

Matanga yalipoanuliwa Dismasi akaniomba nikaifungue inveta. Pazia lilikuwa limeshatolewa. Godoro limekunjwa, dirisha wazi, kitanda kimeelekea ziwani. Kumbe kilikuwa kimeelekea ziwani. Jua lilikuwa kali. Skrini ilisoma hamsini na sita.

Nilisimama mlangoni na bisibisi mkononi. Nikapiga hodi, nikasubiri.