Bawabu wa Sura ya Tano

Jumamosi asubuhi mhadhiri wa kompyuta alikuwa sebuleni akipiga pasi mashati ya mumewe, na mdogo wake wa kike alikuwa mezani akisoma kitabu ambacho mhadhiri mwenyewe alikiandika. Kilikuwa kitabu cha kufundisha uandishi wa programu, kinene, chenye jalada la kijivu. Alipofika sura ya tano, penye sentensi isemayo "Sharti ni tamko la kimantiki ambalo thamani yake huamua mkondo wa utekelezaji", mdogo mtu aliweka paji la uso juu ya ukurasa akalala fofofo.

Mhadhiri alimaliza kola kwanza, ndipo akamwamsha.

"Kitabu chako kizuri, dada," mdogo mtu alisema akijifuta mdomo. "Sijalala hivi tangu niachishwe ziwa."

Alikuwa anajiandaa kurudia mtihani wa cheti. Hospitali alikofanya kazi ya mapokezi ilikuwa imemwahidi nafasi kwenye chumba cha kompyuta akifaulu. Asipofaulu, nafasi ingekwenda kwa mpwa wa mtu.

Mhadhiri hakununa. Aliifuta sura ya tano yote akaiandika upya, na safari hii akaweka mtu ndani yake. Aliandika kwamba mlangoni yuko bawabu mrefu, mwenye koti la kijani, asiyemruhusu yeyote kupita mpaka sharti litimie. Mdogo mtu aliisoma yote bila kupiga mwayo, akacheka mara kadhaa, akaomba arudie.

Jumatatu bawabu alikuwa mlangoni. Koti lake lilikuwa la kijani kama ilivyoandikwa, lakini halikuwa na vifungo, na miguuni hakuvaa kitu, kwa sababu mhadhiri hakusema lolote kuhusu vifungo wala viatu.

Mume wa mhadhiri, fundi wa majokofu, alirudi kutoka kazini akamkuta.

"Kama umeleta maziwa na umesema habari za jioni, pita," bawabu alisema. "La sivyo, subiri."

Fundi aliinua mfuko wa maziwa. Bawabu hakusogea.

"Mke wangu!" fundi aliita. "Huyu bwana maziwa anayaona au hayaoni?"

"Shemeji, amesema *na*, hakusema *au*," mdogo mtu alijibu kutoka ndani. "Yote mawili yatimie. Maziwa peke yake hayakupitishi."

Fundi alifikiri. "Habari za jioni," alisema hatimaye, maneno ambayo mlango ule haukuwa umeyasikia kutoka kwake kwa muda mrefu. Bawabu akampisha. Mhadhiri aliitikia salamu, kisha akaenda kumtafutia bawabu kandambili.

Kitabu kilipochapishwa upya kwa jalada la kijani, bawabu alionekana kwenye kila nyumba ambamo sura ya tano ilisomwa ikaeleweka. Alikuwa mtu yuleyule mmoja, na hakuna aliyeuliza vipi, kwani hata kitabu chenyewe kilikuwa kimoja na kilikuwa katika nyumba zote hizo. Wanafunzi walibishana naye, wakamtega, wakambembeleza. Kijana mmoja wa hosteli alikaa nje mpaka suruali ikalowa umande, ndipo akang'amua kwamba masharti yakipangwa vibaya, la kwanza linaweza kuyameza yote yanayofuata. Hakusahau tena. Akina mama walizoea kumletea bawabu kiti. Siku za mvua walimpa mwavuli, naye alishukuru kwa kusema, "Kama mvua itaisha, nitaurudisha," na aliurudisha.

Mtihani ulipofika, mdogo mtu aliingia kwa kujiamini. Swali la kwanza liliuliza: Sharti ni nini? Aliandika habari za mlango, maziwa na shemeji yake, akaeleza tofauti ya *na* na *au*, kisha akaandika programu fupi ya kupanga foleni ya wagonjwa. Msimamizi aliijaribu hapohapo ikafanya kazi.

Matokeo yalisema amefeli. Darasa zima lilikuwa limefeli naye, isipokuwa mmoja ambaye hakununua kitabu.

Mdogo mtu hakulia. Aliosha vyombo vyote, hata visafi. Mhadhiri alimtazama, akavaa viatu vyake vya kazini, akamshika mkono wakaenda kwa mwenyekiti wa baraza la mitihani.

Nje ya ofisi ya mwenyekiti alisimama bawabu.

"Kama mna miadi, piteni," alisema. "La sivyo, kuna benchi."

Walikuwa nayo.

Mwenyekiti aliwapokea vizuri, akawakaribisha maji. "Kitabu chako nimekisoma chote," alimwambia mhadhiri. "Sikumbuki kitabu kingine nilichokisoma mpaka mwisho. Na huyo bwana hapo nje, tangu aje, nafanya kazi kwa utulivu."

"Basi mdogo wangu kakosea wapi?"

Mwenyekiti alifungua mwongozo wa kusahihishia. "Hajakosea. Jibu ni sahihi, ila siyo kwa maneno ya mwongozo. Hapa panasema *tamko la kimantiki*. Yeye kasema maziwa."

"Lakini kaelewa, mheshimiwa," mdogo mtu alisema. "Yaani, nimeelewa."

"Hilo ndilo tatizo, binti yangu," mwenyekiti alisema kwa upole. "Wakishaelewa, kila mmoja anasema kwa maneno yake. Sasa tutawasahihishaje?"

Alimwomba mhadhiri amtoe bawabu katika toleo lijalo. Kitabu kikibaki vile, vyuo visingekitumia tena. Mhadhiri aliangalia mikono ya mdogo wake iliyokauka kwa sabuni, akakubali.

Bawabu aliondolewa kitabuni, lakini milangoni alibaki. Ili aondoke alihitaji sharti, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumpa. Toleo jipya lilirudishiwa sentensi ya zamani na jalada la kijivu. Mdogo mtu aliikariri sentensi ya sura ya tano kama kasuku, akizunguka uani huku kafumba macho, na safari hii alifaulu kwa alama za juu. Nafasi ya hospitali akaipata. Mpwa wa mtu alitafutiwa nyingine, nzuri zaidi.

Siku ya kutoa vyeti mhadhiri aliitwa jukwaani akapewa ngao ya kitabu bora cha mwaka. Mwenyekiti alimnong'oneza jambo, naye akaitikia kwa kichwa. Watu walipiga makofi.

Walipotoka nje, mdogo mtu alikuwa na cheti chake kwapani.

"Amekunong'oneza nini?"

"Anataka niandike kitabu kingine. Cha walimu. Namna ya kumfundisha mwanafunzi mpaka aelewe."

"Kweli?"

"Kweli. Ila ameomba nisiweke watu."

Mdogo mtu alianza kucheka, mhadhiri akajizuia, akashindwa, na wote wawili wakaegemea ukuta wa ukumbi mpaka mbavu zikawauma. Kisha mhadhiri alipangusa macho, akauliza kama duka la vifaa vya ofisi bado liko wazi, kwa sababu karatasi nyumbani zilikuwa zimekwisha.