Kufuli la Jumatatu Saa Nne

...na dakika moja ya kimya si mchezo, hasa kwa watu wanaokula kwa midomo yao, aliwaza mwenyekiti, maana ndiyo kwanza ametamka tusimame tumkumbuke mwenzetu, viti vya plastiki vimekwaruza sakafu ukumbi mzima, waandishi sitini na ushee wameinamisha vichwa, na tayari kule nyuma mpiga picha mmoja hajui aache kazi au aendelee, kamera imeganda kifuani, kidole kinamuwasha, na kila mwaka huwa hivyohivyo, dakika ya chama hiki haijawahi kuwa dakika, ikifika sekunde thelathini mtu anakohoa, simu inaita, mwenyekiti anaona haya, anasema asanteni, watu wanakaa na kuendelea na umbea wao, lakini leo ameivua saa yake ameiweka mezani, mshale mwembamba umeanza kuteremka, na pembeni ya saa ipo ile karatasi, tamko, ukurasa mmoja na nusu, ajenda ya pili, ataisoma watu wakishakaa, kisha atatia sahihi huku wakimpiga picha, Chama cha Waandishi wa Habari wa Mkoa kinalaani vikali kitendo cha ofisi ya mkoa kuwaficha wananchi ubovu wa daraja... vikali, katibu analipenda neno hilo, katika miaka minane ya ukatibu wake hajawahi kulaani kitu polepole, na sasa amesimama hapa kushoto kwake, macho kayafumba, kitambaa mkononi, na si kwamba anajifanya, makaburini alilia kuliko ndugu wa marehemu, machozi ya kweli kabisa, ndilo jambo linalomchanganya mwenyekiti, kwamba mtu anaweza kulia kweli na asubuhi ya leo akakunong'oneza mezani, "Mwenyekiti, wanaojua kwamba tuliambiwa ni watatu, wawili ndio sisi, na wa tatu akisema anajimaliza mwenyewe," akapanga karatasi zake vizuri, akaenda kuwapokea wageni.

Sekunde kumi na tano, na mama wa marehemu peke yake ndiye hakusimama, walimwambia asihangaike, magoti yake hayamtaki, amekaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, na wakati wote wameinama yeye anamtazama mwenyekiti, si kwa ubaya, anamtazama tu kama mtu anayesubiri zamu yake dirishani, na mwenyekiti akashusha macho kwenye saa, maana macho yale alishakutana nayo mlangoni asubuhi, alipomshika mkono amsaidie kupanda ngazi, mama akasimama ngazi ya pili apumue, akauliza, "Mwanangu, ninyi ndio watu wa habari. Hii hamkuwa nayo?" naye akajibu upesi, kama anayeitikia salamu, "Hatukuwa nayo, mama," na mama akasema haya, akapanda ngazi ya tatu... haya, neno dogo namna hiyo, tangu asubuhi halimtoki, kwa sababu walikuwa nayo, Alhamisi, kabla daraja halijaanguka, walikuwa nayo, yeye na katibu, ofisini kwa ofisa habari wa mkoa, mlango umefungwa, pazia limeshushwa, ofisa kakunja mikono ya shati kama fundi, akasema nguzo ya pili ya daraja imepasuka, wahandisi wamelikagua wamesema kisipite kitu, akasema viongozi wangu, hii ina kufuli mpaka Jumatatu saa nne, mkubwa atatangaza mwenyewe, na mwenyekiti akaandika kwenye kidaftari Jumatatu saa nne, akaizungushia duara, kwa sababu kufuli ni kufuli, ukipewa habari kabla ya saa yake unaikalia mpaka saa yake, ndivyo anavyowafundisha vijana kila semina, anayevunja kufuli hapewi tena, miaka kumi na tano hakuna mwanachama aliyevunja, na alijisifia hilo hata kwenye mkutano wa vyama vya nje, watu wakapiga makofi, na kweli aliuliza, asijionee, aliuliza kama daraja litafungwa kwa sasa, ofisa akasema litafungwa hiyohiyo Jumatatu, tusizue taharuki, na yeye akatikisa kichwa, taharuki, alishaliandika neno hilo mara ngapi, akanywa soda yake akamaliza.

Nusu dakika, mtu wa kwanza amekohoa, wengine wameanza kuinua nyusi, ndio wakati wake wa kusema asanteni, na mdomo wake ukabaki umefungwa... Ijumaa jioni alimwambia mkewe, Jumapili ukienda kwa mama yako pita njia ya juu, mkewe akasema njia ya juu mzunguko wote ule, kuna nini, akasema wewe pita tu, na mkewe akapita, akarudi salama na vumbi lake, akasikia habari redioni kama wengine, akamwangalia mumewe, hakuuliza kitu, hajauliza mpaka leo, ila chai anamwekea mbali kidogo na mkono, sharti anyooshe... kumbe kufuli lilikuwa na ufunguo, alikuwa nao mfukoni, akafungulia wa kwake, na Jumamosi adhuhuri simu ikaita, Shangazi wa Saa Moja, hivyo ndivyo alivyojulikana marehemu mkoa mzima, kwa sababu ya taarifa yake ya saa moja asubuhi redioni, sauti nzito ya kugombeza watoto ndani ya kijimwili kidogo, umri wake haujafika thelathini na wazee wanamwamkia wakidhani ni mtu mzima mwenzao, akasema, "Mwenyekiti, nasikia fununu za daraja. Una chochote?" na yeye akajibu, maneno anayakumbuka yote, wala si mengi, "Kuna kitu, ila kina kufuli. Subiri Jumatatu," akacheka yule binti, akasema, "Haya bwana, Pande Mbili," jina walilompa vijana, kwa kuwa haipiti habari mezani kwake bila swali lilelile, upande wa pili unasemaje, wakaagana, akarudi kwenye mpira wake kwenye televisheni... subiri, jamani, mtu wa miaka ishirini na miwili kwenye kazi hii anamwambia mwandishi subiri, mwandishi gani aliyewahi kusubiri, ukimwambia mwandishi kuna kitu lakini subiri umemwonyesha njia na kumfungulia mlango, yeye mwenyewe katika umri ule asingelala, na binti hakulala, Jumapili alfajiri akachukua bodaboda, akaenda na kinasa sauti chake asikie wenyewe wanaovuka wanasema nini, na dereva wake akarudi akiogelea, yeye hakurudi. Neno lilikuwa moja tu. Usipite. Mkewe aliambiwa pita juu, mtoto wa watu akaambiwa subiri, na mdomo ulikuwa uleule.

Dakika imetimia, mshale umepita juu ukaanza kuteremka tena, na watu wanaangaliana chini kwa chini, hii ya leo imekuwaje, na kidole chake kikateleza kwenye karatasi mpaka aya ya tatu, chama kinawakumbusha wanachama wake kuzingatia usalama na kutovuka vizuizi wawapo kazini, aya aliyoihoji juzi, akamwambia katibu kizuizi hakikuwepo, dereva wa bodaboda amesema hakikuwepo, katibu akasema ofisa ameandika kilikuwepo na kwamba marehemu alikipita kwa kiherehere chake, na magazeti yameshaandika, sisi tuweke kidogo tu, ili tamko liwe na pande mbili, wewe si ndiye mwenye pande mbili, naye alikuwa amepigwa kwa fimbo yake mwenyewe, akasema sawa, acha ibaki... sawa, kwa hiyo akishakaa, akasoma, akatia sahihi, kiherehere cha yule binti kinakuwa maneno ya chama chake mwenyewe, kwa muhuri, na mama yake ataibeba nakala kwenye ule mkoba, atawapa wajukuu wamsomee, na uenyekiti utabaki, kura ni baada ya chakula na hakuna anayempinga, vijana watamwita mzee wetu, ofisa atampigia kesho kumshukuru kwa busara... na akisema, uenyekiti kwaheri, na hilo si kubwa, kubwa ni zile nyuso sitini, zikijua kwamba yule aliyewafundisha wote kazi alikalia habari mpaka ikaua, na katibu atazama naye, mwanamke mwenye watoto wanne, na chama chenyewe huenda kisiinuke, anaogopa, tusifichane... lakini upande wa pili unasemaje, swali likaja lenyewe, kwa mazoea, kama lijavyo mezani kila siku, na akaona kwamba habari hii imetangazwa siku kumi na moja redioni na magazetini, wahandisi wamehojiwa, ofisa kahojiwa, dereva kahojiwa, na kuna mtu mmoja hakuna aliyemwekea kinasa sauti mbele, na ndiye anayeshika karatasi hii, akaanza kuiandika kichwani, ubaya wa kazi hautoki, nani, nini, lini, mwenyekiti wa chama cha waandishi alijua siku tatu kabla kwamba daraja limepasuka, akamwonya mkewe, mwandishi mwenzake aliyemuuliza akamwambia asubiri, kizuizi hakikuwepo... akaisoma kichwani mara mbili kama mhariri, akitafuta pa kupunguza, hakupaona.

Katibu akafumbua macho, akamgusa kiwiko, "Mwenyekiti, imetosha, wakae," na ukumbi ulikuwa vilevile, vichwa chini, viti nyuma yao, mpiga picha na kamera yake kifuani, mama na mkoba wake akimtazama, na mwenyekiti hakuwaambia wakae.

"Mama," akasema, "asubuhi nilikudanganya. Habari tulikuwa nayo."