Chifu wa Boti

Kabla ya kona ya mwisho ya mto, Sakiusa alizima mashine, akaiacha boti ielee, kisha akawageukia watalii wake kwa uso wa mtu anayetangaza msiba.

"Jamani, mbele ni Wailokaloka. Kundi haliingii kijiji cha watu bila chifu. Chagueni wenu sasa hivi, la sivyo tunarudi hotelini mkamalizie ile supu ya jana."

Mzaha huu alikuwa nao kila safari, na haukuwahi kumwangusha. Watalii wangecheka, wangechagua mwenye kitambi au mwenye mdomo, na huyo angekaa mbele kwenye nyumba ya baraza, anywe bakuli la kwanza la kava, kile kinywaji kichungu cha mizizi, akunje uso, apigwe picha. Siku hiyo walimchagua Bi Maureen, mjane wa Tasmania mwenye goti bovu, aliyekuwa amekumbatia mkoba wake wa turubai tangu asubuhi kama kuku anayeatamia.

"Mmenichagua kwa uzee tu," akasema.

"Huku kwetu hiyo ndiyo sababu," Sakiusa akamjibu.

Nyuma ya boti, Kelera, mke wa Sakiusa na mpishi wa safari, alikuwa ameshaanza kukusanya masufuria. Kila safari alishuka hapo, kwenye ukingo wa kokoto chini ya kona. Watalii waliambiwa hapo ndipo penye kuni nzuri. Kuni zilikuwa nzuri, hilo si uongo. Ila ng'ambo ya kona ndiko ilikokuwa nyumba ya baba yake, na Kelera hakuwa ameikanyaga kwa miaka kumi na mmoja, tangu Sakiusa alipomtorosha.

Kosa kama hilo, kwa watu wa mto ule, hufutwa na kitu kimoja. Mwanamume huja na jino la nyangumi, ananyamaza, mkubwa wake anamsemea. Baba wa binti akilipokea, yameisha. Mwanzoni Sakiusa alisema hana jino. Baadaye akanunua mashine mpya ya boti, na bado akasema hana jino, mwaka ujao, Mungu akipenda. Kijiji kizima kilijua kwamba mwenye mashine ile hakukosa jino. Alichokosa ni magoti ya kupigia.

"Usimtanie baba yangu leo," Kelera akamwambia huku akishuka majini.

"Nikimkuta anacheka, nikuletee kidogo kwenye jani?"

"Nenda huko."

Kijijini, juu ya ngazi za udongo, alisimama Akanisi, mama yake Kelera, kama alivyosimama kila boti ilipokuja. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe. Alimtambua Sakiusa kwa kikohozi.

"Mpishi wako hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Anakula?"

"Anakula kuliko wageni. Nitalazimika kumkatia tiketi mbili."

Mama akampa fungu la magimbi ya kuchemsha lililofungwa kwa majani. "Mpe mpishi." Hawakuwahi kulitaja jina. Safari hii, hata hivyo, hakuliachia fungu upesi. "Mwezi uliopita nilikuwa nauona mkono wangu nikiusogeza karibu," akasema. "Sasa naona moshi tu. Nakwambia ujue."

Sakiusa akalipokea fungu, akalitia kwapani, akapita.

Ndani ya nyumba ya baraza wageni walikaa kwenye mikeka, Bi Maureen mbele, Sakiusa kando yake kwa sababu ndiye msemaji wa wageni. Mbele yao alikaa chifu wa kijiji, mkongwe asiyesikia vizuri, na pembeni yake msemaji wake, Mzee Eroni, baba yake Kelera. Kwa miaka yote hiyo Eroni hakuwa amemwita Sakiusa kwa jina. Alimwita "mwenye boti".

Sakiusa akaweka fungu la mizizi ya kava, akasema maneno yake, Eroni akaligusa, watu wakapiga makofi yale mazito ya viganja vilivyokunjwa. Mambo yakaenda kama yanavyoenda siku zote.

Kisha Bi Maureen akafungua mkoba. Akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha kufutia vyombo, akakifungua, akakiweka mkekani.

Lilikuwa jino la nyangumi. Kubwa, rangi ya chai ya maziwa, na kamba yake ya nyuzi za nazi bado iko.

"Babu yangu alikuwa baharia wa meli za kuwinda nyangumi," akamwambia Sakiusa, akitabasamu. "Alilichukua kwenye visiwa hivi. Nimeona nilirudishe. Nilitaka hata wewe habari yake isikufikie kabla."

Na kweli haikuwa imemfikia. Mwanamke aliyekuwa akichota kava alibaki na kata hewani, ikitiririka. Mzee mmoja aliyekuwa akisinzia akaketi wima. Chifu mwenyewe, asiyesikia, aliona. Kwa maana jino haliendi kwa watu likiwa tupu. Hubeba ombi: la posa, la msamaha, la vita, la kuzika. Kuliweka mbele ya watu bila neno ni kama kubisha hodi usiku na ukifunguliwa unyamaze.

"Linasema nini?" Eroni akauliza.

Sakiusa, ambaye ulimi wake ulikuwa ukiwalisha watu wawili, akajibu kwa ufupi. "Halisemi kitu, mzee. Analirudisha tu."

"Jino halirudishwi kama sufuria ya jirani. Kama halina neno, na aondoke nalo."

Akalisukuma. Likateleza mkekani, likakomea kwenye goti la Sakiusa. Naye, bila kufikiri, akalinyanyua ili ampe mwenyewe.

Vichwa vyote vikamgeukia. Kwao, mwenye kulinyanyua jino mbele ya baraza ndiye mwenye neno. Mtoto mdogo analijua hilo. Sakiusa alilijua pia, kwa kuchelewa kidogo, jino likiwa limeshajaa kiganjani, zito kama jiwe la kusagia.

"Umelishika," Eroni akasema.

"Nampa mwenyewe, mzee."

"Mwenyewe ni nani kwenu?"

"Ni... chifu wetu."

"Chifu kweli? Au miaka yote hii unatuletea uongo humu ndani? Maana kila uliyemkalisha hapo, chifu wangu alimpa bakuli la kwanza."

Mzaha mzaha hutumbua usaha, na Sakiusa aliusikia wake ukitumbuka. Akisema ni mchezo, amemtukana chifu mwenye nyumba, safari kwa safari.

"Ni chifu wetu kweli."

"Wa boti yote?"

"Yote."

"Na wewe ni wa boti hiyo?"

"Mzee, mimi ndiye ninayeiendesha."

"Basi una mkubwa, na mkubwa wako ana jino," Eroni akasema taratibu. "Mwambie akusemee."

Sakiusa akamwinamia Bi Maureen.

"Wanataka uniombee msamaha."

"Umefanya nini?"

"Nilimchukua binti wa mzee huyu bila ruhusa."

"Masikini. Yuko wapi?"

"Ndiye aliyekupikia chai asubuhi."

Bi Maureen akavua miwani. "Kelera? Uliyetuambia anafuata kuni nzuri?"

"Kuni ni nzuri kweli."

"Sakiusa."

"Naam, chifu."

Bi Maureen akanyoosha mgongo, akamtazama Eroni, akaanza kusema, na Sakiusa akawa hana budi kutafsiri mashtaka yake mwenyewe.

"Anasema amenijua tangu jana tu. Nimemchekesha mpaka taya zinamuuma. Anasema sasa ameelewa kelele zile zilikuwa za kufunika nini." Akakohoa. "Anasema mimi ni... mtu mwenye haya."

"Hapana," akasema mwalimu wa shule kutoka pembeni. "Amesema mwoga."

"Mwoga," Sakiusa akasahihisha. Mtu mmoja akaguna kicheko, akakimeza.

"Anasema yeye si wa huku, hana haki ya kuomba kitu. Lakini..." Bi Maureen alikuwa amenyoosha kidole mlangoni, alikosimama Akanisi akishika mwimo. "Lakini yule mama pale ana uso wa mpishi wetu. Anasema hakuhitaji kuambiwa. Anaomba kwa ajili ya huyo, si kwa ajili yangu."

Sakiusa akaliweka jino chini, akalisukuma mbele kwa mikono miwili, akainamisha kichwa mpaka paji likagusa mkeka. Magoti yalikuwapo kumbe.

Eroni aliigusa ile kamba ya nyuzi za nazi. Kisha akalichukua.

"Nimelipokea. Nenda kamwite."

Sakiusa alitoka mbio, magimbi kwapani. Kelera alikuwa akikoroga tui la nazi.

"Baba yako anakuita."

Hakuinua hata macho. "Krismasi ulisema ananiita. Pasaka ukasema ameniletea nguruwe."

"Leo ni kweli."

"Kila siku ni kweli. Sogea, unanizibia moto."

Akaapa kwa mashine ya boti. Akaapa kwa mama yake. Akamweleza habari ya jino na bibi wa Tasmania, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa kichekesho, mpaka Kelera akatikisa kichwa na kusema hiyo ni nzuri kuliko ya nguruwe. Sakiusa akaketi kwenye kokoto. Alikuwa ameutumia ukweli kama bizari miaka yote hiyo, na siku ya kuupika wenyewe, kopo lilikuwa tupu.

Ndipo waliposikia maji yakipasuliwa konani. Mzee Eroni alikuwa akivuka, maji ya magoti, amevaa nguo zake za baraza zimelowa, mgongoni amembeba mkewe aliyemkumbatia shingo. Nyuma yao, hatua moja moja na goti lake bovu, alikuja chifu wa boti.

Mwiko ukamtoka Kelera, ukaangukia majini, ukaelea ukaenda zake.

"Nishushe," Akanisi akasema. "Mpishi yuko wapi?"

Kelera akamkaribia. Akaichukua mikono ya mama yake, akaiweka usoni pake. Vidole vikapita mashavuni, vikateremka shingoni, vikaganda kwenye mfupa wa bega.

"Umekonda," mama akasema, akageuza uso kumtafuta yule mwenye kikohozi. "Na wewe uliniambia anakula kuliko wageni."

Sakiusa akalifungua lile fungu la magimbi, akamsogezea mke wake. Nyuma yake tui lilikuwa linaungua, na hakuna aliyeligeukia.